Shamba langu Kongwa limekuwa gumu kama sakafu. Nimechimba nikaona kilichomo chini

Jembe Butu:
Wakuu, habari za muda huu.

Nina shamba Kongwa, upande wa kuelekea Mpwapwa. Eka 3 ni za marehemu baba, eka 6 nakodi kwa mtu. Nalima mahindi na alizeti tangu 2014. Mimi mwenyewe naishi Dodoma mjini, shamba naliona wikiendi. Mwaka ule wa kwanza eka ilinipa gunia 8 za mahindi bila mbolea yoyote. Msimu uliopita nimeambulia gunia 3 na debe mbili, na mbolea niliweka, na mbegu nilinunua ya dukani, na mvua wala haikuwa ya kulaumiwa. Nimeshabadilisha mbegu mara nne. Msimamizi nimembadilisha mara mbili, Mungu anisamehe.

Sasa mwezi wa nane nilikuwa nachimbisha mashimo ya nguzo za kibanda. Kijana anapiga sururu, inazama vizuri tu, halafu ikifika kama shubiri moja inalia ngi! Nikajua jiwe. Tukasogea hatua kumi, ngi! Tukasogea tena, ngi! Nikashuka mwenyewe na kisu, nikakwangua ukuta wa shimo. Hakuna jiwe. Juu kuna udongo wa kawaida, kina cha shubiri. Chini yake kuna bamba la udongo uliobanana, unene wa kiganja, kisu hakiingii. Na chini ya lile bamba udongo unalainika tena, una unyevu. Mwezi wa nane, wakuu, Kongwa, unyevu!

Kilichonimaliza ni mzizi. Shina la muhindi wa msimu uliopita lilikuwa bado limesimama pembeni ya shimo. Nikaufuata mzizi wake kwa kisu. Umeshuka wima hadi kwenye bamba, ukakata kona kama kiwiko cha mkono, ukatambaa pembeni. Muhindi ulikufa na kiu umekalia maji.

Nikakaa chini nikafikiri. Miaka yote hii nakodi trekta ile ile, plau ya sahani ile ile, kina kile kile. Na dereva analima kwa kupanda na kushuka na mteremko kwa sababu shamba ni refu upande huo, hapotezi muda kugeuza. Yeye analipwa kwa eka.

Nikapiga hesabu moja ikaninyima usingizi. Mvua ya milimita 30 kwenye eka moja ni lita zaidi ya 120,000, yaani ndoo 6,000 za lita ishirini. Kama nusu inateremka kwa jirani kwa sababu ardhi imegoma kuinywa, nimemwaga ndoo 3,000 kwa mvua moja, halafu Jumapili nipo kanisani naomba mvua.

Swali: nani humu ameshavunja hilo bamba, kwa njia gani, na ilimgharimu nini?

Dalali_Kibaigwa:
Uza hizo eka 3 za mzee nunua bodaboda mbili. Udongo ukichoka umechoka mkuu. Mwingereza alikuja hapo hapo Kongwa na vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta akakimbia, sembuse wewe wa wikiendi.

Jembe Butu:
Hahaha, dalali, hujambo. Trekta ninayokodi ni ya mtu kama wewe.

Bwana Shamba Mstaafu:
Dalali anatania lakini kasema kitu. Mpango wa karanga ulianza 1947, baada ya vita Waingereza wana njaa ya mafuta ya kula. Walitaka kulima eka zaidi ya milioni 3 Tanganyika, wakaanzia Kongwa. Wakasafisha pori kwa mashine, wakaiacha ardhi uchi. Udongo wa pale mwekundu una mfinyanzi na mchanga, ukiloa unafungamana, ukipigwa na jua la mwezi wa tano unakuwa kama umechomwa tanuruni. Na karanga inazaa ardhini! Ilipofika kuvuna, mashine zikawa zinavunjika. Mwanzoni mwa 1951 wakafunga, pauni zaidi ya milioni 30 zimeteketea. Sehemu ya ardhi ile ndiyo ikaja kuwa ranchi ya Kongwa.

Mgogo aliyekuwa amekaa hapo miaka yote alikuwa analima mtama na uwele vipande vidogo na kuhama. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Turudi kwako Jembe Butu. Hicho ulichokiona kinatokana na plau. Sahani inapokata kina kile kile kila mwaka, uzito wa trekta na ule upande wa chini wa sahani vinasugua na kushindilia pale pale. Ukilima udongo ukiwa mbichi ndiyo unasiliba kabisa, kama fundi anavyosiliba ukuta. Dawa yake iko namna hii.

Ya haraka ni ripa. Ni kama jino moja refu la chuma, halipindui udongo, linapasua mstari tu. Ipo ya kukokotwa na maksai na ipo ya trekta. Unapasua mistari ya kupandia peke yake, sentimita 75 hadi 90 kati ya mstari na mstari, nafasi ya katikati huigusi. SHARTI: pasua ardhi ikiwa kavu, kabla ya mvua za kwanza. Udongo mkavu unapasuka vipande vipande kama chungu, mbichi unakatika kama sabuni na kujifunga tena. Na jino lazima lishuke chini ya bamba. Ukipasua juu yake umefanya kazi bure.

Ya polepole ni mbaazi. Mzizi wake unashuka wima na una nguvu, misimu miwili mitatu unatoboa. Ukikatwa shina, mzizi unaoza humo humo, unaacha bomba ambalo maji na mizizi ya mahindi vinapita. Ichanganye na mahindi, haigombani nayo kwa sababu inachelewa kukua.

Nikiri na kosa langu. Mimi nimeanza kazi ya ugani mwanzoni mwa miaka ya 80. Tulikuwa tunafundisha "shamba safi". Baada ya kuvuna ng'oa mabua, kusanya, choma, ardhi ibaki inang'aa kama uwanja wa mpira. Mkulima bora alikuwa yule ambaye hata panya hana pa kujificha shambani kwake. Nimeshatoa zawadi za majembe kwa watu kwa ajili ya hilo. Leo nikipita kijiji nilichofanyia kazi nikaona korongo, huwa natazama upande mwingine.

mama_fiwi:
Bwana shamba kwa hilo tu mimi nimekusamehe, wengi wenu hamkiri.

Ila mbaazi mtuambie na upande wa pili. 2017 India ilipofunga mlango bei ilianguka tukawa tunalisha mbuzi. Udongo ulifurahi sana mwaka ule, watoto ada ilikosa. Mimi sasa napanda mbaazi kidogo na fiwi, ile jamii ya maharage. Fiwi inatambaa, inafunika ardhi yote, jua haliigusi, na majani tunakula. Panda fiwi wiki 3 au 4 baada ya mahindi, ukiiwahisha itayapanda mahindi na kuyalaza.

Mrangi wa Kolo:
Nimesoma nikakumbuka kwetu Kondoa. Wadogo zangu mlioko humu hamjaona makorongo, mnaona vifereji mnaita makorongo. Kondoa ile ya milima ya Irangi kulikuwa na makorongo ambayo ng'ombe akitumbukia mnamwombea dua mnarudi nyumbani. Mito yetu hadi leo ni ya mchanga, ule mchanga ni mashamba ya mababu.

1973 serikali ikaanzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, sisi tunaiita HADO, kwa fedha za Wasweden. Mwanzo walikuja na mashine kutengeneza makinga maji na kupanda miti. Kazi kubwa, matokeo madogo. 1979 wakakata shauri: mifugo yote itoke. Eneo la kilomita za mraba zaidi ya 1,200, ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, wote nje. Bibi yangu alikuwa anasimulia siku ile kama msiba. Babu alipeleka ng'ombe wa nyumbani kwa rafiki yake Kiteto, walikuwa 22, walirudi 5 miaka ikiwa imepita. Maziwa watoto waliyaona tena mwishoni mwa miaka ya 80, pale ruhusa ya kufuga ndani ya zizi na kukatia majani ilipoanza kuja.

Sasa hapa ndipo pagumu. Majani YALIRUDI. Ndani ya miaka michache vilima vilivyokuwa vyekundu vikawa kijani, vijito vikaanza kushika maji. Siwezi kusema uongo kwa sababu babu alipata hasara. Lakini pia wale ng'ombe hawakuyeyuka, walikwenda kula mahali pengine, na huko walikokwenda hakuna aliyeandika ripoti. Na vijana wa Kirangi waliokuwa wanategemea ng'ombe kama benki wakaja mjini. Baba yangu mmoja wao. Kwa hiyo mimi ni zao la hifadhi ardhi kwa namna hiyo.

Mwana wa Matombo:
Nyie angalau mlirudishiwa majani. Sisi Uluguru wakati wa mkoloni tulilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani, siku tatu kwa wiki bila malipo, ukikosa faini. Babu zetu walisema tangu mwanzo kwamba udongo wa juu huku ni mwembamba, ukikata ngazi unaufukia mzuri na kuleta juu ule mweupe usiozaa. Hawakusikilizwa. Mahindi ya kwenye ngazi yakadumaa kweli. 1955 watu wakajikusanya Matombo kukataa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukafa naye.

Mpaka leo ukimwambia mzee wa kwetu habari ya matuta anakuangalia kwa jicho fulani. Afisa kilimo mgeni anadhani ni uvivu.

Jembe Butu:
Hii sikuijua kabisa. Asanteni. Nimebandika nyumbani karatasi: "uliza mzee kwanza".

Mmatengo Halisi:
Wakuu mnahangaika na ya kuletewa, sisi Mbinga tuna ya kwetu tangu kabla ya Mjerumani. NGORO. Milima yetu mkiiona mtauliza watu wanalimaje bila kuanguka. Mvua inapita milimita 1,000 na udongo upo.

Inakuwa hivi. Mwezi wa tatu mvua zikielekea mwisho mnafyeka majani ya shamba lililopumzika, mnayalaza kwa mistari inayokatana, inatokea miraba kama mita moja na nusu hivi kila upande. Kisha unachimba udongo wa katikati ya mraba unaufunikia juu ya majani. Ukimaliza, mlima wote umekuwa kama sega la nyuki: mashimo katikati, kingo zimeinuka, na ndani ya kingo kuna majani yanaoza taratibu. Maharage yanapandwa kwenye kingo. Msimu unaofuata mahindi, bila kulima upya. Maji ya mvua yanaingia shimoni, yanatulia, yanazama. Udongo unaosogea unaishia shimo la chini yake, hauendi popote.

mama_fiwi:
Mmatengo, nani anafyeka na nani anachimba?

Mmatengo Halisi:
Kwa desturi mwanaume anafyeka, mwanamke anachimba.

mama_fiwi:
Nilijua. Kufyeka siku mbili, kuchimba wiki tatu. Endeleeni na uzi.

Mmatengo Halisi:
Mama umenibana, sina la kujibu 😂 Ni kweli na ndiyo sababu vijana wa sasa wengi wanakimbilia kahawa au kwenda tambarare.

Mkamba wa Kalama:
Hamjambo ndugu zangu wa huko. Mimi ni wa Machakos, nasoma tu huwa sichangii. Yaliyotokea Matombo yalikuwa yametokea kwetu. Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni ilianza kunyang'anya Wakamba ng'ombe eti wanaharibu udongo. Wazee na akina mama wakatembea kwa miguu hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko wiki kadhaa, mpaka serikali ikalegeza. Zamani hizo milima yetu ilikuwa mawe matupu, wazungu wakiipiga picha kuonyesha wenzao jinsi nchi inavyokufa.

Leo njooni muone. Matuta kila mahali, na hakuna askari. Kilichobadilisha ni kwamba mtu aliona pesa: kahawa iliporuhusiwa, kisha mboga na matunda ya kuuza Nairobi. Ukichimba mtaro ukapanda ndizi ndani na nyasi za ng'ombe juu ya tuta, mtaro unakulipa. Tunaita fanya juu: unachimba mtaro unaofuata usawa wa mlima, udongo unautupa upande wa JUU. Miaka ikienda, mvua inashusha udongo unajaa nyuma ya tuta, shamba linajisawazisha lenyewe likawa ngazi. Hujafukia udongo wako mzuri kwa siku moja kama walivyolazimishwa Waluguru. Na kuchimba tulichimba kwa mwethya, kikundi, leo kwako kesho kwangu.

Lakini tafadhali usipime kwa macho. Macho hudanganya mlimani.

Jembe Butu:
Nimekupata mkuu. Hapa kwangu mteremko ni mdogo sana, nadhani macho yatatosha.

Bwana Shamba Mstaafu:
Hayatatosha.

Dalali_Kibaigwa:
Ngoja nilete popcorn.

---

Jembe Butu (mrejesho, mwezi wa tano):
Wakuu, msimu umeisha, nimerudi. Najua kuna watu wanasubiri kucheka, anzeni.

Niliyofanya. Ripa nilikosa ya kukodi mwezi wote wa kumi, ikapatikana ya maksai kwa mtu wa kijiji cha pili, tukapasua eka 2 za baba tukiwa tumechelewa lakini ardhi bado kavu. Jino lilishuka mpaka chini ya bamba, nilipima kwa nondo. Nusu eka nikachimba mashimo ya Chololo. Kwa wasioyajua, yanaitwa kwa kijiji cha Chololo hapa hapa Dodoma, mkulima wa pale ndiye aliyeyabuni. Kipenyo sentimita 22, kina 30, shimo hadi shimo 60, mstari hadi mstari 90. Unaweka samadi, mabaki ya mazao na majivu kidogo, unarudishia udongo bila kujaza juu kabisa ili pabaki kisahani cha kushikia maji, unapanda mbegu 2.

Hesabu ya mashimo inatisha: eka nzima inahitaji kama 7,500. Siku ya kwanza mimi na kijana wangu tulichimba 160 nikalala na mgongo kwenye maji ya moto. Ndiyo maana ikawa nusu eka. Mama_fiwi, nimeelewa ulichokuwa unamuuliza Mmatengo.

Eka moja nyingine niliacha trekta ilime kama kawaida, nipate cha kulinganishia.

Na sasa aibu. Juu ya shamba nilichimba mitaro miwili ya fanya juu. KWA MACHO. Tarehe 9 mwezi wa kwanza ikanyesha mvua ya usiku kucha. Maji yakakusanyika yote kwenye mtaro, yakatafuta pale nilipopotoka, kwenye pembe ya mashariki, tuta likapasuka. Kumbuka kabla ya tuta maji yale yalikuwa yanatawanyika shamba zima. Mimi nimeyakusanya nikayapa mlango mmoja. Yakaingia kwa mzee jirani yangu yakachimba mfereji wa kina cha goti katikati ya karanga zake, hatua 40.

Nilifika asubuhi mzee amekaa kwenye jiwe anautazama. Hakunitukana. Akasema, "Mwanangu, baba yako alikuwa analima vibaya, lakini alikuwa analima vibaya kwake." Nimelipa debe 3 za karanga na nimemfukia mfereji kwa mikono yangu.

Mkamba wa Kalama:
Pole. Hata mimi wa kwangu ulipasuka mara ya kwanza, sikutaka tu kusema.

Tengeneza fremu ya A, haina gharama. Miti miwili iliyonyooka ya mita 2, ifunge pamoja juu, ipanue chini. Mti wa tatu ufunge katikati kwa kulala, iwe herufi A. Kutoka pale juu ning'iniza uzi wenye jiwe mpaka uvuke mti wa kulala. Simamisha, weka alama ya kalamu pale uzi unapopita. Geuza, mguu wa kushoto ukae palipokuwa na wa kulia, weka alama tena. Katikati ya alama mbili ndiyo usawa. Sasa tembea nayo kuvuka shamba: mguu mmoja umesimama, mwingine unautafutia mahali mpaka uzi uguse alama ya katikati, piga kigingi, endelea. Kukiwa na upepo subiri, jiwe likiyumba utapotea. Ukimaliza simama mbali uangalie vigingi. Utashangaa, mstari ulio sawa unaonekana umepinda kama nyoka.

Na acha njia ya maji ya ziada, yenye nyasi, mahali mnapokubaliana na jirani.

Mrangi wa Kolo:
Matokeo ya mavuno mkuu usituzungushe.

Jembe Butu:
Eka ya trekta gunia 3 na nusu. Eka 2 za ripa gunia 11, yaani 5 na nusu kwa eka. Nusu eka ya mashimo imetoa gunia 4 kamili. Gunia zangu ni za kilo 100, siyo rumbesa. Katikati ya mwezi wa pili tulikaa siku 16 bila tone. Mahindi ya trekta yalijikunja majani kama sigara kuanzia siku ya sita. Ya kwenye mashimo yalianza kujikunja siku ya 13. Huo ndio muujiza wote, siku saba.

Msininukuu kama mtaalamu, ni shamba moja msimu mmoja.

Lakini ninachotaka kuwaambia hasa siyo hicho. Nilianza uzi huu nikidhani tatizo langu ni bamba. Bamba nimelipasua kwa siku tatu. Yaliyonishinda ni mawili mengine ambayo hakuna kipeperushi kinachoyasema.

Moja, mabua. Nilivuna, nikayaacha yalale yafunike ardhi kama bwana shamba alivyoelekeza. Wiki ya pili nimekuta ng'ombe kama 60 ndani, mabua yameisha, na ardhi imekanyagwa. Nikaenda kwa mchungaji nimefura. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Tangu lini bua lina mwenyewe?" Na ana haki. Kwa desturi ya kwetu ukishavuna shamba ni la wote. Baba yake alilisha kwa baba yangu.

Pili, eka 6 za kukodi. Mwaka juzi nilimwaga samadi trela 5 kwenye kipande kimoja. Mwenye shamba alipoona mahindi yamenawiri, mwaka huu kalichukua analima mwenyewe. Nimemrutubishia. Sasa nani mwenye akili timamu atachimba mtaro wa miaka kumi kwenye shamba alilokodi la msimu mmoja? Nikizungukia wenzangu Kongwa, wengi tunakodi mwaka mwaka. Tunalima kama abiria wa daladala, hakuna anayefuta kiti.

Mwana wa Matombo:
Hapo umefika kwenye mfupa.

Dalali_Kibaigwa:
Nikiri jambo. Mimi nina trekta mbili na nakodisha mashamba pia. Wenye mashamba hawapendi mkataba mrefu, wanaogopa mpangaji akikaa miaka 5 atadai ni lake. Wengine hawana karatasi yoyote wao wenyewe, wana maneno ya babu tu. Ndiyo maana ni mwaka mwaka. Siyo roho mbaya.

Bwana Shamba Mstaafu:
Dalali leo umeongea. Kwa sheria ya ardhi ya vijiji, Na. 5 ya 1999, mtu anaweza kupata hati ya haki miliki ya kimila kwa shamba lake. Akiwa nayo hofu inapungua, atakubali kuandikishana miaka mitano mbele ya serikali ya kijiji. Anzia hapo, msaidie apate hati.

Kuhusu mabua, usiende na fimbo wala polisi. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo ya kuzuia mifugo shambani baada ya mavuno, inajadiliwa na mkutano mkuu wa kijiji kisha inaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Lakini nimeona vijiji vilivyopitisha kwa shangwe na ng'ombe wakaendelea kuingia usiku, kwa sababu wenye ng'ombe hawakuachiwa pa kulisha. Kaa na yule mchungaji. Yeye ana samadi, wewe una mabua.

mama_fiwi:
Na mchwa je? Kwangu nilizuia ng'ombe, mabua yakaliwa na mchwa mpaka la mwisho.

Bwana Shamba Mstaafu:
Mama, mchwa akila bua analiingiza ardhini na kutoboa njia. Ng'ombe wa mtu akila anaondoka nalo. Bora mchwa.

Jembe Butu (mwezi wa kumi):
Mrejesho mfupi, nipo shamba mtandao unasumbua.

Tumekaa na mchungaji chini ya mti, mzee jirani akiwa shahidi. Makubaliano: nusu ya mabua nayakata na kuyarundika pembeni, anakuja kuyachukua kwa mkokoteni. Nusu inalala shambani, ng'ombe hawaingii. Yeye ananipa samadi mikokoteni 12 kutoka zizini. Mpaka sasa imefika 9, tatu anasema mkokoteni umevunjika ekseli. Ng'ombe wameingia mara moja tu, wa mtu mwingine.

Mwenye zile eka za kukodi amekataa miaka mitano, amekubali mitatu, tumeandikishana ofisi ya kijiji. Kwa miaka mitatu sichimbi mitaro, napasua kwa ripa na kuchanganya mbaazi. Mitaro naichimba kwenye eka za baba.

Na fremu ya A nimetengeneza. Jana nilikuwa napima mpakani, mzee jirani akaja akasimama muda mrefu bila kusema. Kisha akaniomba nishike mguu wa huku, yeye akashika wa kule. Tukavuka mpaka na vigingi mpaka mwisho wa shamba lake, vigingi 31. Njia ya maji ya ziada kaichagua mwenyewe, inaangukia kwenye mbuga ya majani ambapo anasema maji yalikuwa yanapita alipokuwa mtoto, kabla ya mpango wa karanga.

Mkamba wa Kalama:
Mzee ana miaka mingapi?

Jembe Butu:
Anasema aliona matrekta ya kwanza akiwa anachunga mbuzi. Piga hesabu.

Dalali_Kibaigwa:
Mkuu Jembe Butu, hiyo ripa ya trekta, siyo ya maksai, inapatikana wapi na jino lake linauzwa peke yake? Naulizia rafiki yangu.

mama_fiwi:
Rafiki yako mwenye trekta mbili? 😂

Dalali_Kibaigwa:
Huyo huyo.